Mwigizaji na Jasho Lake: Uigizaji wa Filamu na wa Jukwaani Mkoani Tanga, kutoka Vugiri (1935) hadi Amri Athumani "King Majuto" (1948–2018)

1.0 Utangulizi

Tarehe 8 Agosti 2018 Amri Athumani, aliyejulikana kwa Watanzania wengi kwa jina la King Majuto, alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Alizaliwa Tanga mwaka 1948 na kupanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Hivyo basi, alipofariki alikuwa ametimiza miaka sitini ya uigizaji. Ni wasanii wachache nchini waliodumu katika kazi moja kwa muda mrefu kiasi hicho, na ni wachache zaidi ambao sura na sauti zao zilitambulika mara moja na mtoto wa shule, mama wa nyumbani, dereva wa lori na mbunge.

Hata hivyo, miezi ya mwisho ya maisha yake haikuwa ya kusherehekea miongo hiyo sita. Ilikuwa miezi ya hospitali, ya michango ya matibabu, na ya mjadala wa hadharani kuhusu mikataba aliyoitia sahihi. Swali lililoulizwa wakati huo lilikuwa rahisi: mtu aliyelichekesha taifa zima kwa muda wote huo, kazi yake imemwachia nini?

Mhadhara huu unalichukua swali hilo kuwa swali la historia. Hoja yake ni kwamba hali iliyomkuta Amri Athumani haikutokana na uzembe wa mtu mmoja, wala na ukatili wa mfanyabiashara mmoja. Ilitokana na mazoea yaliyoota mizizi tangu filamu za kwanza za Kiafrika zilipotengenezwa katika nchi hii: mwigizaji alihesabiwa kuwa kibarua wa siku chache, na picha iliyobaki baada ya siku hizo ikawa mali ya mtu mwingine. Mazoea hayo yanaonekana mapema kabisa katika milima ya Korogwe, ndani ya mkoa uleule alimozaliwa Amri Athumani. Ili kumwelewa yeye, inabidi kuanzia huko.

2.0 Mazingira: reli, mkonge na ngoma

Wilaya za Korogwe na Handeni zinapakana, lakini historia ilizipa sura tofauti. Korogwe iko kando ya Mto Pangani, chini ya milima ya Usambara. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, ikafika Mombo mwaka 1905, na baadaye ikaendelea hadi Moshi. Pamoja na reli yalikuja mashamba makubwa ya mkonge, na pamoja na mkonge wakaja manamba kutoka pande nyingi za Tanganyika na nchi za jirani. Watu hao hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Kiswahili ndicho kilichowawezesha kuelewana kazini, sokoni na katika burudani ya Jumamosi.

Handeni, nchi ya Wazigua, iliendelea kwa kiasi kikubwa kuwa nchi ya wakulima wa mahindi na mtama. Vijiji kama Kwedizinga, Kwamatuku na Sindeni vilitegemea mvua, na mvua haikuwa ya kuaminika. Ukame na njaa vimeiandama wilaya hiyo mara nyingi. Kijana wa Handeni aliyehitaji fedha ya kodi au ya mahari alikwenda kutafuta kibarua katika mkonge, au alishuka Tanga mjini. Safari hiyo ya mtu wa shamba kwenda penye fedha, akiwa hajui desturi za huko, ilikuja kuwa kisa kikuu cha filamu na vichekesho vya Kiswahili.

Uigizaji wenyewe haukuletwa na filamu. Miongoni mwa Wazigua, Wabondei na Wasambaa, kama ilivyo kwa jamii nyingine nyingi za Kiafrika, msimuliaji wa hadithi ni mwigizaji. Hubadili sauti kwa sungura na kwa fisi, huinuka na kuchechemea anapomfikia mzee wa hadithi, huimba na kuitikiwa. Jandoni na unyagoni mafunzo hutolewa kwa nyimbo na maigizo. Ngomani yupo daima mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwakejeli wakubwa bila ya kuadhibiwa.

Katika mazingira hayo suala la haki ya mwigizaji lilikuwa na jibu lake. Mtendaji na watazamaji wake walikuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Aliyefurahisha alituzwa papo hapo, kwa fedha, kwa chakula au kwa heshima. Tendo lilipokwisha, hapakubaki kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukibeba na kwenda kukiuza kwingine. Kamera ndiyo iliyobadili jambo hilo. Ilitenganisha tendo na mtendaji, ikalifanya tendo kuwa bidhaa inayoweza kusafiri bila ya mwenyewe.

3.0 Vugiri, 1935–1937: sura zisizo na majina

Mwaka 1935 ulianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara iliyo juu ya Korogwe, mradi wa majaribio ya filamu za elimu kwa Waafrika. Fedha nyingi zilitoka katika Shirika la Carnegie la New York, na Baraza la Kimataifa la Misheni lilihusika katika uongozi kupitia kwa J. Merle Davis. Utengenezaji wa filamu ulikuwa mikononi mwa L. A. Notcutt, aliyepata kufanya kazi katika mashamba ya mkonge nchini Kenya. Upande wa elimu ulisimamiwa na G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Serikali za kikoloni za Afrika Mashariki nazo zilishirikishwa.

Katika muda wa miaka miwili hivi zilitengenezwa filamu 35. Zilisafishwa na kukamilishwa hukohuko milimani, kisha zikapakiwa kwenye lori na kuzungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Mada zake zilikuwa zile zilizowashughulisha maafisa wa serikali: kodi, safura, mmomonyoko wa udongo, malaria ya watoto wachanga, mbegu bora, akiba katika Benki ya Posta. Hata hadithi ya sungura na chui iliingizwa.

Filamu ya akiba inaonyesha vizuri namna kazi ilivyofanywa. Vibarua wawili wa shambani wanapokea mshahara wao. Mmoja anaupeleka wake Posta. Mwingine anaufukia nyumbani, mwizi anamwona, anaufukua. Kwa mujibu wa watengenezaji, funzo lilikuwa kwamba Posta ni salama. Lakini mtu yeyote anayeijua hadhira ya Kiswahili atatambua kwamba mwenye filamu hapo ni mwizi. Ndiye anayenyemelea, ndiye anayechungulia, ndiye anayefanya watazamaji wapige kelele. Bila ya Mwafrika aliyejua kunyemelea mbele ya kamera, funzo la Posta lingebaki karatasi tupu.

Watu walioigiza katika filamu hizi hawakuwa wanafunzi wa chuo cha sanaa, kwa kuwa chuo cha namna hiyo hakikuwapo. Walikuwa wakazi na wafanyakazi wa maeneo zilikopigiwa filamu. Walifuata maelekezo kwa vitendo, kwa sababu filamu zenyewe zilipigwa bila sauti. Maneno yalirekodiwa baadaye kwenye sahani za santuri, kwa lugha mbalimbali, au yalisemwa na mtu aliyesimama na kipaza sauti siku ya maonyesho. Maana yake ni kwamba mwigizaji wa Vugiri alitoa mwili na uso. Sauti ilitoka kwa mwingine. Mtu mmoja aliyepigwa picha Korogwe aliweza kusikika akisema Kiganda mahali pamoja na Kinyanja mahali pengine, wala yeye mwenyewe hakuwapo kusikia wala kuulizwa.

Notcutt na Latham waliandika kitabu kuhusu mradi wao, kilichotoka mwaka 1937. Ndani yake wanaeleza kwa kirefu mitambo, gharama, na maoni yao kuhusu namna Mwafrika anavyoitazama filamu. Mengi ya maoni hayo yalijengwa juu ya dhana ya kwamba Mwafrika ni mtoto mbele ya picha. Mradi ulikoma mwaka huohuo, baada ya wafadhili na serikali kutokubali kuendelea kuugharimia. Filamu zilizosalia hadi leo ni chache sana. Historia imebaki na majina ya Davis, Notcutt na Latham. Walioonekana kwenye kitambaa cheupe wamebaki wakiitwa mkulima, mwizi, jumbe, mama wa mtoto.

Hapa ndipo yalipowekwa mazoea mawili ambayo yanarudi baadaye. La kwanza ni kwamba filamu ni ya mwenye mitambo. La pili ni kwamba mwigizaji hulipwa kwa siku zake, kama anavyolipwa mkata mkonge kwa mafungu yake, na anapoondoka hana dai lolote juu ya kile alichokizalisha.

4.0 Muhogo Mchungu: mwigizaji aliyekuja kuwa Waziri Mkuu

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika iliingia makubaliano na kampuni moja ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili zenye kuburudisha zaidi kuliko zile za Vugiri. Iliyokumbukwa kuliko nyingine ni Muhogo Mchungu, ambayo mhusika wake mkuu ni mtu wa shamba anayekwenda Dar es Salaam na kudhulumiwa na wajanja wa mjini. Sehemu hiyo iliigizwa na Rashidi Mfaume Kawawa, kijana mzaliwa wa Songea aliyesoma Tabora na ambaye wakati huo alikuwa mtumishi wa serikali.

Kisa chenyewe hakikuwa kipya. Vugiri nako kulikuwa na filamu iliyoitwa Gumu, kuhusu kijana anayekwenda mjini na kuharibikiwa. Tofauti ni kwamba safari hii mwigizaji alikuwa na jina, na jina hilo likawa kubwa. Mwaka 1955 Kawawa akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009, na wengi wanaomkumbuka kuwa Simba wa Vita hawajui kwamba aliwahi kuwa nyota wa sinema.

Maisha ya Kawawa yana funzo mahususi kwa mada hii. Shirikisho aliloliongoza lilipigania mishahara ya makuli wa bandarini, watumishi wa reli na wafanyakazi wa mashamba, wakiwamo wa mkonge wa Tanga. Katika kupigania huko, kazi za makundi hayo zilipata kutambuliwa kuwa kazi: zilikuwa na viwango, saa, likizo na fidia. Uigizaji haukuingia katika orodha hiyo. Mwigizaji mashuhuri kuliko wote wa wakati huo aliongoza vyama vya wafanyakazi, lakini kazi yake ya awali haikuwa na chama. Ilionekana kuwa burudani ya mapumziko, jambo ambalo mtu hulifanya kabla ya kupata shughuli ya maana. Mtazamo huo haukufa pamoja na ukoloni.

5.0 Jukwaa la kichekesho na kukua kwa Amri Athumani

Amri Athumani alipoanza kuigiza akiwa mtoto, Tanga ilikuwa mji wa burudani. Palikuwa na majumba ya sinema, ngoma za mitaani, taarabu, na baada ya uhuru bendi za dansi kama Jamhuri Jazz na vikundi vya taarabu kama Black Star na Lucky Star, ambavyo sifa zake zilivuka mipaka ya nchi. Mtoto aliyekulia katika mji huo alipata shule ya pili nje ya darasa.

Sanaa aliyoiingia ni kichekesho. Wataalamu wa tamthiliya nchini, akiwamo Amandina Lihamba na Penina Mlama, wameonyesha kwamba kichekesho ni mojawapo ya aina za maigizo zilizokubalika sana kwa umma, ingawa wasomi waliidharau kwa muda mrefu. Hakina andiko. Waigizaji hukubaliana kisa kwa maneno machache: mume bahili, mke mjanja, mgeni asiyeondoka, mzee anayetamani binti mdogo. Mengine hutungwa papo kwa papo mbele ya watu. Mwigizaji husikiliza kicheko, akijua kinapopungua ndipo abadili mwelekeo. Kazi hiyo huhitaji kumbukumbu kubwa ya misemo, vitendo na tabia za watu, na hujifunzwa kwa miaka mingi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 sanaa za maonyesho zilipewa jukumu la kueneza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Ngonjera zilitamalaki mashuleni, na serikali iliunda vikundi vya taifa vya sarakasi na maigizo. Vikundi hivyo vilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa. Miaka hiyohiyo, uchumi ulipodorora, vilichomoza vikundi vya kibiashara: Muungano, Mandela, DDC Kibisa, na baadaye Tanzania One Theatre mwaka 1992. Onyesho moja la vikundi hivyo lilichukua saa kadhaa na kuchanganya ngoma, sarakasi, taarabu, dansi na kichekesho. Kwa upande wa redio, Pwagu na Pwaguzi walikuwa wakichekesha nchi nzima kupitia Radio Tanzania.

Katika mfumo huu mwigizaji alipata fungu la mapato ya mlangoni au mshahara mdogo wa kikundi. Hakutajirika, lakini alikuwa na silaha moja: kama hakufika ukumbini, hapakuwa na onyesho. Mwili wake ulikuwa dhamana yake.

Mhusika ambaye Amri Athumani alimjenga kwa miaka mingi ni mzee. Si mzee wa busara anayetoa nasaha mwishoni mwa mchezo. Ni mzee mwenye tamaa, mbishi, mwepesi wa kununa na mwepesi wa kukimbia, anayejiona mjanja hadi anaponasa katika mtego alioutega mwenyewe. Mtu wa shamba wa Muhogo Mchungu alidhulumiwa kwa sababu hakujua mambo. Mzee wa Majuto hudhulumiwa kwa sababu anadhani anajua yote. Kwa mabadiliko hayo, kicheko kiligeuka. Watazamaji hawakualikwa kumcheka mshamba kwa ushamba wake, bali kuicheka tamaa na majivuno ambayo yapo mjini na shambani sawasawa. Hata jina alilolichagua lina maana hiyo. Majuto ni mjukuu, na mzee huyo hujuta katika kila mchezo, kisha hurudi kosani katika mchezo unaofuata.

Jambo jingine la kuzingatia ni makazi. Wakati wasanii wengi walihamia Dar es Salaam na kubaki huko, Amri Athumani aliendelea kuwa mkazi wa Tanga. Lafudhi na utani wake vilibaki vya huko. Utani wa makabila ya mkoa huo, ambao humruhusu mtani kusema lisilosemeka bila ya kuleta ugomvi, unasikika wazi katika namna yake ya kujibizana.

6.0 Kanda, diski na kibanda cha video

Mageuzi makubwa katika maisha yake ya kazi yaliletwa na video. Amri Athumani anahesabiwa miongoni mwa wachekeshaji wa kwanza nchini kurekodi vichekesho kwa ajili ya kuuzwa. Vituo binafsi vya televisheni vilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Filamu ya video ya Shamba Kubwa ilitoka mwaka 1995, na kuanzia mwaka 2003, ilipotoka Girlfriend ya George Otieno Tyson, soko la filamu zilizoitwa za Kibongo lilipanuka kwa kasi. Kanda zilifuatiwa na CD, kisha DVD.

Ueneaji wake ulikuwa wa kustaajabisha. Diski iliyotoka Kariakoo asubuhi iliweza kupanda basi na kufika Korogwe au Handeni kabla ya jioni. Vijijini palikuwa na vibanda vya video: chumba cha udongo, mabenchi, televisheni moja na jenereta nje. Katika kijiji ambacho hakijawahi kuwa na jumba la sinema, watu walilipa sarafu chache na kumtazama Majuto. Kwa filamu za kigeni, baadhi ya vibanda vilikuwa na mtu wa kufasiri na kusimulia kwa Kiswahili wakati picha inaendelea, kazi iliyompatia Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, wafuasi wengi. Ni kazi ileile ya msemaji wa kipaza sauti wa lori la Vugiri, ila sasa msemaji alikuwa na jina, na watu walichagua filamu kwa kumfuata yeye. Filamu za Majuto hazikuhitaji mfasiri. Kwa mara ya kwanza, uso na sauti ya mtu wa Tanga vilifika kijijini pamoja, katika lugha ya watazamaji.

Kwa upande wa mapato, hata hivyo, ulikuwa ni mfumo uleule wa zamani. Desturi iliyotawala soko la filamu za video ilikuwa ya mtayarishaji kumuuzia msambazaji nakala mama pamoja na haki zote kwa malipo ya mkupuo mmoja. Kutokana na fedha hiyo mtayarishaji alimlipa mwigizaji naye kwa mkupuo, mara nyingi kwa maelewano ya mdomo. Kuanzia hapo, diski ikiuzwa elfu moja au laki moja, ikionyeshwa katika televisheni mara moja au kila sikukuu, mwigizaji hakuongezewa kitu. Juu ya hayo palikuwa na wadurufu wa mitaani ambao hawakumlipa yeyote. Mwigizaji aliyehitaji fedha zaidi alikuwa na njia moja tu: kuigiza filamu nyingine, haraka. Wingi wa filamu za Majuto katika miaka hiyo unaonyesha mapenzi ya watu kwake. Unaonyesha pia hesabu hiyo.

Ni katika kipindi hiki aliposhirikiana na kijana Hussein Ramadhani, maarufu kwa jina la Sharo Milionea. Mchanganyiko wao ulikuwa na nguvu ya pekee: mzee mkaidi wa zamani mbele ya kijana sharobaro mwenye mavazi ya kubana na maneno ya mapozi. Kila mmoja alimwona mwenzake kuwa kichekesho, na watazamaji wa kila umri walipata wa kumcheka na wa kumtetea. Ushirikiano huo ulikatizwa tarehe 26 Novemba 2012, Sharo Milionea alipofariki katika ajali ya gari wilayani Muheza, katika mkoa huohuo wa Tanga. Mwaka huo ulikuwa wa misiba kwa tasnia: Steven Kanumba, nyota wa filamu mzaliwa wa Shinyanga, alikuwa amefariki tarehe 7 Aprili. Wote wawili walikuwa na umri chini ya miaka thelathini. Vifo vyao viliibua maswali juu ya haki za warithi katika filamu zilizoendelea kuuzwa, lakini maswali hayo yalipoa pamoja na matanga.

7.0 Ugonjwa, mikataba na sheria

Mwaka 2018 Amri Athumani aliugua, akalazwa Dar es Salaam na baadaye akapelekwa India kwa matibabu. Alipokuwa kitandani, ilidaiwa hadharani kwamba mikataba kadhaa aliyoingia, hasa ya matangazo ya biashara, ilimpa sehemu ndogo mno ya thamani ya kazi yake. Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Mwigizaji mwenyewe alirejea nchini, akaugua tena, na akafariki Agosti mwaka huo. Alizikwa Tanga.

Ingekuwa makosa kusema kwamba hapakuwa na sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ilikuwapo tangu mwaka 1976, ingawa shabaha yake kuu ilikuwa vibali na ukaguzi wa maudhui, si malipo ya watendaji. Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Muhimu zaidi, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ilimtambua mtendaji, yaani mwigizaji, mwimbaji au mchezaji, kuwa na haki zake mwenyewe katika tendo lililorekodiwa. Mwaka 2013 serikali ilianza kutumia stempu za kodi katika kazi za muziki na filamu, hatua iliyosaidia kutofautisha nakala halali na za wizi.

Tatizo basi lilikuwa wapi? Kwanza, haki inayotolewa na sheria huweza kuuzwa kwa mkataba, na mkataba unaosema "haki zote" huifuta kwa mstari mmoja. Pili, mwigizaji wa kichekesho hana andiko. Anachokitunga kipo katika mwili na ulimi wake. Hakuna karatasi inayoonyesha kwamba kisa, mhusika na maneno ni vyake. Sheria iliyozoea kitabu humtafuta mwandishi, na katika kichekesho mwandishi ndiye huyohuyo anayecheka na kuanguka mbele ya kamera. Tatu, lugha ya mikataba na ya sheria ilikuwa Kiingereza kwa muda mrefu, wakati kazi inayouzwa ni ya Kiswahili kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama yalikuja miaka mitatu baada ya kifo chake.

Nne, na pengine hili ndilo kubwa, ni mtazamo. Kichekesho kilionekana kuwa kipaji, na kipaji kikaonekana kuwa zawadi ya bure ambayo mwenyewe hana budi kuigawa bure. Mtu aliyemwona Majuto sokoni alitarajia kuchekeshwa. Aliyemwajiri alidhani anamsaidia. Dhana hiyo haiko mbali sana na ile ya mwaka 1935, ambapo mwizi wa filamu ya akiba alionekana kuwa Mwafrika aliyekuwa akicheza tu, si fundi aliyekuwa kazini.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba kati ya Vugiri na Muhimbili kuna historia moja. Waigizaji wa Vugiri walipoteza majina, sauti na picha zao. Kawawa alipata jina, lakini alilipata kwa kuiacha kazi ya uigizaji. Amri Athumani aliibaki nayo kazi hiyo kwa miaka sitini, akaurudishia uso sauti yake, akapata jina ambalo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Kilichobaki nje ya mikono yake ni mali iliyotokana na jina hilo.

Mambo matatu yanafuata kutokana na hayo. Taasisi za Kiswahili zina wajibu wa kuandaa mifano ya mikataba ya kazi za sanaa kwa Kiswahili sanifu na chepesi, ili mwigizaji ajue maana ya "haki zote" kabla ya kutia sahihi, na ajue kwamba anaweza kudai mgawo wa kila nakala na kila onyesho. Vichekesho vya kanda na diski vinastahili kukusanywa, kunakiliwa na kuhifadhiwa kama zinavyohifadhiwa tenzi na hadithi, kwa kuwa ni fasihi simulizi iliyorekodiwa, na kanda huharibika upesi kuliko karatasi. Na katika vijiji vya Korogwe na Handeni bado ipo kazi ya kuwauliza wajukuu wa walioigiza Vugiri habari walizosimuliwa, kabla ya kizazi hicho nacho kuondoka.

Wahenga waliposema kwamba majuto ni mjukuu walikuwa na maana kwamba huja nyuma, baada ya jambo kutendeka. Kwa Amri Athumani jambo limekwisha tendeka. Kwa vijana wanaorekodi vichekesho hivi leo kwa simu zao za mkononi, Tanga na kwingineko, na kuviweka mahali ambapo mtu mwingine huvuna matangazo, bado halijatendeka lote.